Mkasi wa Mhariri: Pink Floyd, Albamu ya Vibao Bora na Suala la Kazi Nzima



Kwa desturi, profesa mpya hupewa jioni moja ya kueleza anachokifanya kwa mshahara wa umma. Mimi ninafundisha historia ya kurekodi muziki, na leo nitazungumzia albamu ya vibao bora. Najua mada hiyo haina fahari katika ukumbi kama huu. Albamu ya vibao bora ndiyo bidhaa yenye heshima ndogo kuliko zote katika duka la muziki: kampuni huchukua nyimbo ilizokwisha kuziuza, huzivika jalada jipya, kisha huziuza tena kwa watu walewale Krismasi inapokaribia. Mara nyingi hakuna la zaidi. Lakini iko moja ambayo kila nikiisikiliza naiona ni kazi ya mhariri aliyejua kukata, na mikato yake inasema mengi kuhusu bendi yenyewe kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa juu yake.

Tarehe 5 Novemba 2001 bendi ya Kiingereza Pink Floyd ilitoa "Echoes: The Best of Pink Floyd". Ni CD mbili, nyimbo 26, muziki wa zaidi ya saa mbili na nusu. Uingereza na Marekani kote iliingia kwenye chati ikiwa nafasi ya pili. Jalada lake, lililobuniwa na Storm Thorgerson, linaonyesha dirisha ndani ya dirisha, na ndani ya kila dirisha kuna kitu kilichotoka kwenye jalada la zamani. Hoja yangu jioni hii ni kwamba mkusanyiko huu si chano cha makombo. Ni usomaji wa kazi ya bendi, uliofanywa kwa mkasi. Na ukiufuatilia mkasi huo kwa makini unagundua kwamba zile albamu "nzima" ambazo wapenzi wa muziki huu huzilinda kwa wivu nazo zilizaliwa kwa mkasi.

Kwa wasiouzoea muziki wenyewe, niseme machache. Roki ya progresivu ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, pale vijana waliolelewa na blues na rock 'n' roll walipoona dakika tatu za singo haziwatoshi. Wakaongeza ogani, sintesaiza, mapigo yenye hesabu za ajabu, na visa virefu. Mwaka 1972 Yes walitoa "Close to the Edge", albamu yenye nyimbo tatu tu. Mwaka huohuo Jethro Tull wakatoa "Thick as a Brick", wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili za santuri. Kazi haikupimwa tena kwa wimbo mmojammoja. Ilipimwa kwa albamu, tena isikilizwe kwa mpangilio wake, bila kuruka.

Pink Floyd, walioanzia London mwaka 1965, waliishika imani hiyo kuliko wengi. Singo yao ya Desemba 1968 ilipododa, hawakutoa nyingine nchini Uingereza mpaka Novemba 1979. Miaka kumi na moja bila singo nyumbani kwao! Na ni katika miaka hiyohiyo walipotengeneza "The Dark Side of the Moon" ya 1973, ambayo kufikia 1988 ilikuwa imekaa kwenye chati ya albamu 200 za Billboard kwa wiki 741. Sasa bendi iliyoishi hivyo ina vibao gani vya kukusanya?

Linganisheni na Queen. Albamu yao ya "Greatest Hits", iliyotoka 1981, ndiyo iliyouzwa kuliko albamu nyingine yoyote nchini Uingereza, na hakuna mwenye akili timamu anayelalamika kwamba imevunja kitu. Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe wa Unguja, na wenzake walitunga singo zilizosimama kwa miguu yake zenyewe. Ukizipanga kumi na saba mfululizo, kila moja inaingia na kutoka kwa wakati wake. Pink Floyd hawakuwa na nyimbo za namna hiyo, ama walikuwa nazo chache. Nyingi za kwao zinaanza ndani ya mwisho wa wimbo uliotangulia. Ukiung'oa mmoja, unatoka na nyama ya jirani.

Mwaka 1981 huohuo, wiki chache baada ya Queen, Pink Floyd nao walitoa mkusanyiko, na wakaufanyia mzaha tangu jina: "A Collection of Great Dance Songs", nyimbo kabambe za kucheza dansi, kutoka kwa bendi ambayo hadhira yake ilikuwa maarufu kwa kukaa chini. Jalada lina picha ya wachezaji wawili wa dansi waliofungwa kwa kamba ardhini kama hema. Nyimbo zilikuwa sita tu. Na hapo ndipo tunapokutana na kisa ninachokipenda kuliko vyote katika biashara hii. "Money", wimbo wa "The Dark Side of the Moon", ilikuwa mali ya kampuni ya Capitol kwa soko la Marekani, ilhali bendi ilikwisha kuhamia kampuni ya Columbia, na Capitol wakakataa kuitoa. David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi, akaingia studio akairekodi upya karibu peke yake: gitaa, besi, kinanda, ngoma, sauti. Saksafoni tu ndiyo aliyompa mwingine, Dick Parry, mpulizaji yuleyule wa 1973. Kwa hiyo msikilizaji aliyenunua "kibao bora" cha Pink Floyd alinunua nakala iliyopigwa na mtu mmoja akiiga bendi yake mwenyewe. Ukiuliza wimbo asilia uko wapi, jibu liko kwenye kabati la wanasheria.

Turudi nyuma kidogo, kwenye chombo chenyewe. Upande mmoja wa santuri kubwa, ile ya mizunguko 33 kwa dakika, hubeba vizuri dakika ishirini na kitu; ukizidisha sana, mifereji inabanana na sauti inadhoofika. Sisi jambo hili tunalijua kwa njia yetu. Waliokuwa na santuri ndogo za rumba na benga wanakumbuka wimbo mmoja ukigawanywa sehemu ya kwanza na ya pili: waimbaji wanamaliza, sindano inafika mwisho, mtu anainuka kugeuza, ndipo magitaa ya sebene yanapoachiliwa. Bendi haikuutunga wimbo ukiwa na pengo katikati. Lakini kizazi kizima kiliuzoea ukiwa na pengo, kikajua hata kulitumia kuvuta pumzi au kumfuata mtu wa kucheza naye.

Wimbo uliozaa jina la mkusanyiko wetu, "Echoes" wa mwaka 1971, una dakika 23 na nusu na unajaza upande mzima wa pili wa albamu ya "Meddle". Wapenzi huueleza kama safari moja isiyokatika. Ukweli ni kwamba ulikatika mara nyingi. Mwanzoni mwa mwaka huo bendi iliingia studio za Abbey Road ikiwa haina wimbo hata mmoja mkononi. Wakarekodi vipande visivyohusiana, wakavipa jina la "Nothing", yaani si kitu, namba 1 hadi 24. Vingi vilikuwa si kitu kweli. Kimoja kilikuwa noti ya piano ambayo Richard Wright, mpiga kinanda wao, aliipitisha kwenye spika ya Leslie, ile yenye pembe inayozunguka, na ikatoka kama mlio wa mtambo wa kusakia nyambizi. Hapo wakapata pa kuanzia. Gilmour naye akaunganisha pedali ya wah-wah kinyumenyume, gitaa likatoa ukelele kama wa mnyama wa baharini, na wakauacha ndani. Abbey Road wakati huo walikuwa na mashine za utepe za njia nane tu, hivyo kazi ikahamishiwa sehemu nyingine, ikiwemo studio ya AIR iliyokuwa na mashine ya njia kumi na sita. Wakakata, wakaunganisha, wakapanga, mpaka ikaenea upande mmoja wa santuri. Kama santuri ingebeba dakika kumi na tano, tungekuwa na "Echoes" ya dakika kumi na tano na tungeilinda kwa hasira ileile.

Mwaka 2001 mkasi ulikuwa mikononi mwa James Guthrie, fundi sauti aliyeingia kwenye kambi ya Pink Floyd wakati wa "The Wall" ya 1979 na kukaa nao tangu hapo. Dakika 23 na nusu zikawa 16 na nusu. Kuna walioona hiyo ni kufuru. Mimi siwezi kuiita kufuru baada ya haya niliyoeleza, lakini pia siwezi kujifanya sikusikia kilichopotea. Katika toleo la 1971 sehemu ya katikati, ile ya upepo na kunguru, inakaa muda mrefu kiasi kwamba unaanza kusahau ulikuwa unasikiliza wimbo. Ile noti ya piano inaporejea, inakuwa kama kuitwa jina ukiwa ugenini. Katika toleo fupi safari haipati muda wa kukupoteza, kwa hiyo kurejea hakuna uzito uleule. Guthrie alikata kwa ustadi, mishono haionekani kwa urahisi. Ila urefu katika muziki huu haukuwa pambo. Ulikuwa ndio kazi yenyewe.

Kinyume chake ni "Shine On You Crazy Diamond". Huu ni wimbo wa sehemu tisa kutoka "Wish You Were Here" ya mwaka 1975, na unamhusu Syd Barrett, kijana wa Cambridge aliyeiongoza bendi mwanzoni, akatunga karibu kila kitu, kisha akili ikamsumbua na akaondoka mwaka 1968. Roger Waters, mpiga besi wa bendi, alitaka wimbo huo upasuliwe: nusu ifungue albamu, nusu ifunge. Gilmour alitaka uachwe mzima ujaze upande mmoja. Waters akashinda, na wengi wetu tuliujua wimbo huu ukiwa vipande viwili vyenye nyimbo tatu katikati. Halafu katika mkusanyiko wa 2001, bidhaa ile ya kibiashara tunayoidharau, sehemu ya kwanza hadi ya saba zinapigwa mfululizo kwa dakika 17 na nusu. Yaani kilichopasuliwa na albamu kiliunganishwa na mkusanyiko. Nani basi aliyevunja, na nani aliyetengeneza?

Nilisema mfululizo, lakini sehemu mbili za mwisho hazimo. Sehemu ya tisa ilitungwa na Wright peke yake, na mwishoni kabisa anagusa kwa kinanda, kwa sekunde chache, melodia ya "See Emily Play", wimbo wa Barrett wa 1967. Ni salamu ya siri kwa rafiki aliyepotea. Guthrie aliikata salamu hiyo, ingawa "See Emily Play" yenyewe ameiweka ya pili kwenye CD ya kwanza. Na huyu Wright, nikihesabu dakika, ndiye aliyeumizwa zaidi na mkasi. "Marooned", wimbo usio na maneno aliotunga na Gilmour na ambao ndio pekee uliowapa Pink Floyd tuzo ya Grammy, umebakizwa dakika mbili tu kati ya zaidi ya tano. "Echoes" inayofunguliwa na kidole chake imepoteza dakika saba. Ni kweli kwamba "The Great Gig in the Sky" na "Us and Them" zimo na hazikukatwa, na pengine hizo mbili zinatosha kwa maisha ya mtu. Lakini Wright alikuwa mtu wa kuondolewa tangu zamani. Wakati wa kurekodi "The Wall" Waters alimfukuza, kisha akaajiriwa kwa ujira kupiga kwenye maonyesho ya albamu hiyohiyo. Maonyesho yalikuwa ya gharama kubwa, yakawatia hasara wenzake watatu, na yeye mwajiriwa ndiye aliyerudi nyumbani na faida. Naomba mnivumilie, kisa hiki siwezi kukiacha.

Ugomvi wa bendi unahitaji sentensi chache, maana bila huo orodha ya nyimbo haieleweki. Waters alijitoa mwaka 1985 akiamini kwamba bendi imekwisha. Gilmour na mpiga ngoma Nick Mason wakasema haijaisha. Wakaingia kwenye mvutano wa kisheria juu ya jina, wakapatana mwishoni mwa 1987, na tangu hapo wakasalimiana kwa kupitia watu. Ilipofika zamu ya mkusanyiko wa 2001, wote wanne walishirikishwa katika kuchagua nyimbo. Fikirieni kikao hicho, ambacho kwa sehemu kubwa hakikuhitaji wahusika kuwa chumba kimoja.

Sasa soma orodha. Nyimbo tano ni za Barrett, mtu ambaye muda wake wa kurekodi na bendi haukufika hata miaka miwili. Nyimbo tano pia zinatoka kwenye albamu mbili zilizotengenezwa baada ya Waters kuondoka, "A Momentary Lapse of Reason" ya 1987 na "The Division Bell" ya 1994. Tano kwa tano. Hesabu hiyo ina harufu ya usuluhishi. "The Final Cut" ya 1983, albamu ambayo kimsingi ni ya Waters akimlilia baba yake aliyeuawa vitani Anzio, Italia, mwaka 1944, imepewa wimbo mmoja. Juu yake umeongezwa "When the Tigers Broke Free", wimbo wa filamu kuhusu kifo hichohicho, ambao kabla ya hapo haukuwa kwenye albamu yoyote ya bendi. Kwa hiyo baba yake Waters amepata nyimbo mbili. Hizo tano za Barrett nazo zina maana ya fedha, si heshima tu. Alikuwa mtunzi wake, akiishi kimya Cambridge akichora na kulima bustani, na Gilmour kwa miaka mingi alihakikisha mirabaha inamfikia. Mkusanyiko uliouzwa kwa mamilioni ulikuwa pia pensheni ya mtu aliyekwisha kuacha kuwa Syd. Alifariki Julai 2006.

Halafu kuna ukimya. Albamu nne hazina hata wimbo mmoja: "More" na "Ummagumma" za 1969, "Atom Heart Mother" ya 1970, na "Obscured by Clouds" ya 1972. "Atom Heart Mother" ndiyo iliyowapa nafasi ya kwanza Uingereza kwa mara yao ya kwanza, ikiwa na kwaya na tarumbeta upande mzima, lakini baadaye Waters na Gilmour, watu wasiokubaliana hata juu ya saa, walikubaliana kwamba haifai. Nami naona wameionea. Kuna dakika katika upande ule wa kwanza ambapo selo inaingia na unasikia bendi ikijifunza jinsi ya kuwa polepole. Bila hiyo, albamu za 1971 na 1973 zisingekuja. Mhariri ana haki ya kuficha rasimu. Mwanahistoria ana haki ya kulalamika.

Ila penye ufundi wa kweli ni mpangilio. Guthrie hakufuata miaka. Alizipanga nyimbo kwa kuzishonanisha, mwisho wa moja ukimezwa na mwanzo wa nyingine, hata pale zilipotengana kwa miaka mingi. "See Emily Play" ya 1967 inakwisha, na helikopta ya "The Wall" ya 1979 inaingia. Msikilizaji mgeni hasikii pengo la miaka kumi na miwili. Anasikia bendi moja yenye hofu zilezile, za watu wazima wanaotesa watoto na za akili inayoteleza. Hiyo ni hoja, na imetolewa bila neno.

Angalia na milango. Wimbo unaofungua ni "Astronomy Domine", ambao ndio uliofungua albamu yao ya kwanza, "The Piper at the Gates of Dawn", ilipotoka Uingereza Agosti 1967. Unaofuata ni "See Emily Play". Albamu hiyohiyo ilipochapishwa Marekani mwaka huo, kampuni iliipangua: ikaondoa "Astronomy Domine", na wimbo wa kufungua ukawa "See Emily Play". Basi mkusanyiko unafungua kwa milango miwili ya nyumba moja, mmoja wa London na mwingine wa ng'ambo ya Atlantiki. Na wimbo wa mwisho kabisa, "Bike", nao ulikuwa umeondolewa kwenye toleo lile la Marekani. Wamarekani walionunua santuri ya 1967 na kuipenda kwa moyo wote walipenda albamu isiyo na mwanzo wala mwisho wa Waingereza, na hawakuona pungufu. Kila ninapomsikia mtu akisema albamu hizi zisiguswe maana ziliumbwa zikiwa nzima, huwa namuuliza kwa upole ni nzima ya nchi gani.

Nyimbo tatu za mwisho ndizo zilizonifanya niandike mhadhara huu. Ni "Jugband Blues", "High Hopes" na "Bike". Ya kwanza inafunga albamu ya pili ya bendi, nayo ni kwaheri ya Barrett. Ya pili inafunga "The Division Bell", ambayo mwaka 2001 ilikuwa albamu yao ya mwisho. Ya tatu inafunga albamu ya kwanza kabisa. Miisho mitatu imewekwa mfululizo, bendi inakufa mara tatu, na ya mwisho kufa ndiyo changa kuliko zote. Katika "High Hopes" Gilmour, kijana wa Cambridge, ameshazeeka na anautazama mji ule kwa umbali, kengele ikilia. Kisha anaingia Barrett wa miaka ishirini na moja na wimbo wa mchezo kuhusu baiskeli, ambao unavunjikia kwenye kelele za saa na mitambo na kumalizikia kwenye mlio unaojirudiarudia kama cheko la bata. Hakuna albamu ya Pink Floyd yenye mwisho wa namna hiyo. Umetungwa na mkusanyaji.

Kuna wimbo mmoja ambao hakuna mhariri angeweza kuufungia ndani ya mpangilio wowote. "Another Brick in the Wall", sehemu ya pili, ulikuwa na ubeti mmoja tu. Prodyuza Bob Ezrin aliona ni singo iliyojificha, akaurudufu utepe ili uwe na ubeti wa pili, na ubeti huo ukaimbwa na wanafunzi wa shule ya Islington Green, London. Kwa maneno mengine, kibao kikubwa kuliko vyote vya bendi hii ni kazi ya mkasi na gundi. Kilitoka Novemba 1979. Ndani ya miezi michache kilikuwa kinaimbwa Afrika Kusini na wanafunzi weusi na machotara waliogomea shule za ubaguzi, na Mei 1980 serikali ya makaburu ikakipiga marufuku. Wanafunzi wale hawakuwa na haja ya kujua kwamba wimbo ulitangulia sehemu ya tatu au kwamba unahusu mwanamuziki aliyejizungushia ukuta. Waling'oa tofali moja, wakajua la kulifanyia.

Watoto wa Islington wao hawakupewa mirabaha. Miaka ilipita, sheria ya Uingereza ikabadilishwa mwaka 1996 kuwapa wapigaji na waimbaji wa studio haki katika malipo ya utangazaji, na baadhi yao wakiwa watu wazima wakaanza kudai. Hawakuwa peke yao. Clare Torry, mwanamke anayelia bila maneno katika "The Great Gig in the Sky", alilipwa pauni 30 mwaka 1973. Kwenye mkusanyiko wa 2001 wimbo huo bado ni wa Wright peke yake. Torry alikwenda mahakamani mwaka 2004, wakapatana mwaka uliofuata, na matoleo ya baadaye yanamtaja kama mtunzi mwenza. Ukitaka kujua nakala yako ilichapwa lini, soma jina lililo chini ya wimbo.

Tarehe 2 Julai 2005 Waters, Gilmour, Mason na Wright walipanda jukwaa moja Hyde Park, London, katika tamasha la Live 8, lililoandaliwa kuzishinikiza nchi tajiri zifute madeni ya Afrika. Wasanii wa Afrika wenyewe wengi waliwekewa jukwaa lao mbali, huko Cornwall. Hilo lilisemwa wakati ule na linafaa kusemwa tena. Wiki iliyofuata maduka ya HMV yalitangaza kwamba mauzo ya "Echoes" yamepanda kwa asilimia 1,343. Gilmour akasema faida yake itokanayo na ongezeko hilo ataitoa sadaka, na akawataka wengine wafanye vivyo hivyo. Tazameni mtu aliyeguswa na bendi kwa dakika ishirini na kitu za runinga alikimbilia kununua nini. Hakununua kazi nzima. Alinunua mkusanyiko.

Machi 2010 bendi iliishtaki EMI, kampuni yao ya rekodi, katika Mahakama Kuu ya London. Kampuni ilikuwa ikiuza nyimbo mojamoja kwenye intaneti, na mkataba ulisema albamu zisivunjwe bila idhini. EMI walijitetea kwamba mkataba uliandikwa kabla ya biashara ya kupakua nyimbo, hivyo ulihusu santuri na CD tu. Jaji aliwapa ushindi Pink Floyd, kwa kuwa kifungu kililenga kulinda uadilifu wa kisanaa wa albamu. Magazeti yaliusherehekea ushindi huo kama ushindi wa kazi nzima. Januari 2011 pande mbili zikapatana upya, nyimbo zikaendelea kuuzwa mojamoja, na kabla mwaka haujaisha bendi ikatoa mkusanyiko mwingine, "A Foot in the Door", CD moja tu. Simlaumu mtu kwa unafiki hapa. Mahakama haikusema albamu haikatiki. Ilisema nani mwenye ruhusa ya kukata.

Na ruhusa hiyo imehama. Wright alikwisha kufariki mwaka 2008. Mwaka 2024 waliobaki, baada ya miaka ya kuvutana, walikubali kuiuzia Sony haki za rekodi zao pamoja na jina na taswira ya bendi, kwa dola zinazotajwa kuwa karibu milioni 400. Utunzi wenyewe haumo katika mauzo hayo. Mkusanyiko ujao utapangwa na mwajiriwa wa kampuni ambaye huenda hajawahi kugombana na Roger Waters, na kwa hiyo hatalazimika kumpa mtu yeyote nyimbo tano. Utakapotoka, nitaanza kwa kuangalia "Echoes" imepewa dakika ngapi, halafu nitatafuta kama sehemu ya tisa imerudishwa.